Jedwali Lisiloonekana Lisihesabiwe Kuwa Limepotea

Katika ofisi nyingi za zama zetu, ambamo mishahara, ankara za maji na habari za wagonjwa zimekwisha kutoka katika madaftari zikahamia katika kompyuta, hutokea asubuhi, aghalabu ya Jumatatu inayofuata kazi ya mafundi ya kuweka toleo jipya la programu, karani akabonyeza kitufe cha kutoa ankara, akaletewa sentensi kavu kwamba jedwali halipo. Karani humwambia mteja kuwa mfumo umegoma, mkuu wa idara hushika simu, na fundi, akiwa amebanwa huku na huku, hushawishika kutenda jambo ambalo nimeazimia kulipinga hapa: kuliunda jedwali hilo upya, tupu, kwa jina lile lile, ili kelele zikome.

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya IBM huko San Jose, Marekani, alichapisha makala iliyopendekeza habari zote zipangwe katika majedwali ya mistari na safu, na mwenye kuzihitaji asilazimike kujua zimelazwa wapi mtamboni, bali ataje jina na sifa za akitakacho, basi. Nafuu hiyo ni adhimu, na programu nyingi mno za mishahara na mauzo zimejengwa juu yake; lakini maadamu programu huliita jedwali kwa jina tu, jina lisipoitikiwa sababu zaweza kuwa nyingi, na kupotea kwa jedwali lenyewe, kwa maoni yangu, ni ya mwisho kudhaniwa.

Tazama hifadhidata ya Oracle. Ujumbe wake mashuhuri, ORA-00942, husema kwamba jedwali halipo, ilhali hutolewa vile vile kwa jedwali lisilokuwapo kabisa na kwa lile lililopo ambalo mwulizaji hana idhini ya kuliona. Ni kama bawabu mwenye adabu anayemjibu kila mgeni asiyemjua kwamba bwana hayupo nyumbani. Hiyo ni hadhari ya makusudi, kwani asiye na ruhusa hapaswi hata kujua ni siri gani zimehifadhiwa ndani. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi liwe ni nani aliyeuliza, na kwa jina gani la mtumiaji. Orodha ya ALL_TABLES humwonyesha mtu yale tu aliyoruhusiwa. DBA_TABLES huonyesha yote, na fundi mwenye mamlaka ya kuifungua atalikuta jedwali limetulia mahali pake, chini ya mmiliki mwingine. Kuna hila nyingine inayowasumbua hata mahodari: ombi hukubaliwa fundi akiliandika kwa mkono, kisha hukataliwa likiwa ndani ya utaratibu uliohifadhiwa katika hifadhidata, kwa kuwa kwa kawaida utaratibu wa namna hiyo hauzitambui idhini zilizopitia kundi la watumiaji, mpaka mmiliki wake apewe idhini hiyo yeye mwenyewe.

Herufi nazo zina fitina yake. Oracle huligeuza jina lisilofungwa kwa alama za kunukuu kuwa herufi kubwa, PostgreSQL hulifanya la herufi ndogo, na MySQL juu ya Linux, kwa desturi yake, huhesabu Wateja na wateja kuwa vitu viwili, jambo ambalo juu ya Windows halifanyi. Basi mfumo uliojengwa kwa raha katika kompyuta ya mezani huhamishiwa kwenye seva ukaanza kulalamika kwa kosa namba 1146, yaani jedwali halipo.

Ama kosa la toleo jipya, hilo lataka subira zaidi, kwani katika Oracle kila amri ya kuunda jedwali huthibitishwa papo hapo, na kazi ikikatika katikati huacha nyuma yake nusu ya mfumo mpya na nusu ya mfumo wa zamani, wala hairudi yenyewe ilikotoka.

Sasa fikiri jedwali tupu limeundwa katika hali hiyo. Kosa limetoweka, mkuu amefurahi, na mteja mwenye deni la miezi mingi anaonyeshwa kwamba hadaiwi kitu. Malipo ya leo yanaandikwa katika jedwali jipya na ya jana yamebaki katika la kale. Na amri halali iliyokuwa ije kuliunda jedwali sawasawa, yenye sharti la kuunda iwapo halipo, hulikuta jina limekaliwa, ikapita kimya. Kosa lililokuwa likipiga kelele limegeuzwa hesabu ya uongo isiyolalamika. Simlaumu fundi peke yake, maana yuko bosi aliyempa saa moja na kumsifu kwa kuimaliza.

Na ikiwa baada ya uchunguzi imeyakinika kwamba jedwali limefutwa kweli, nakala rudufu ifunguliwe mahali pa kando, mistari yake ilinganishwe na iliyoandikwa baadaye, ndipo jedwali lirudishwe. Kazi hiyo yaweza kula siku nzima, na mkuu wa idara atoke mwenyewe awatangazie watu hivyo mapema, waondoke katika foleni wakaendelee na shughuli zao.