Masafa Ni Kama Uwanja wa Mtaa: Yasipotumika, Yatachukuliwa

Wakenya tunajua vile uwanja wa umma hupotea. Watoto wanacheza hapo miaka 20, hakuna hati, hakuna ua. Asubuhi moja mnaamka na kukuta mabati yamezungushwa. Ukiuliza, unaambiwa mwenyewe amekuja.

Sasa kuna uwanja mwingine kama huo, lakini huu uko hewani, na wengi wetu hatujui hata kama upo.

Redio ya ridhaa ni ya watu wenye leseni wanaorusha mawimbi ili kujifunza, kujaribu mitambo na kuzungumza na wenzao duniani. Hawalipwi na hawafanyi biashara hewani. Hapa Kenya leseni hutoka kwa Mamlaka ya Mawasiliano (CA). Watu hawa wana vipande vyao kwenye masafa ya maikrowevu: 1240 hadi 1300 MHz, sehemu ya 2.4 GHz ambapo Wi-Fi yako pia inaishi, 5.7 GHz, 10 GHz, hadi 24 GHz na zaidi.

Shida ni hii: sehemu kubwa ya vipande hivyo wako kama watumiaji wa daraja la pili. Maana yake, usimsumbue mwenye daraja la kwanza, na yeye akikusumbua, vumilia. Ndio ule uwanja usio na hati.

Si ati natishia watu bure. Huko Marekani, wanaredio wa ridhaa walikuwa na nafasi kati ya 3.3 na 3.5 GHz kwa miaka mingi. Mwaka wa 2020 tume ya mawasiliano ya huko, FCC, iliamua kuwaondoa. Masafa ya kuanzia 3.45 GHz yakapigwa mnada kwa kampuni za simu, na mnada ulipoisha 2022 ulikuwa umeleta zaidi ya dola bilioni 21. Niambie, chama cha watu wa kujitolea kitashindana na hela hiyo na nini?

Lakini pia kuna mahali walisimama imara. Kwenye mkutano wa dunia wa masafa, WRC-23, uliofanyika Dubai, kulikuwa na presha juu ya 1240 hadi 1300 MHz kwa sababu setilaiti za kuelekeza njia kama Galileo ya Ulaya hutumia masafa hayo pia. Muungano wa kimataifa wa wanaredio wa ridhaa, IARU, ulikuwa umefanya hesabu na vipimo kwa miaka kadhaa kabla ya mkutano. Mwishowe hawakufukuzwa. Ulitolewa mwongozo wa nguvu za kurushia na sehemu za kuepuka, ili pande zote mbili ziishi pamoja. Mkutano huohuo pia ulifungua 10 hadi 10.5 GHz kwa mitandao ya simu katika nchi kadhaa za Amerika. Kwa hivyo mabati bado yanazunguka.

Utaniuliza, mimi wa Kisumu au Machakos hii inanihusu aje? Inua macho. Tangu 2018 kuna setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, iliyobeba mtambo wa redio ya ridhaa unaoitwa QO-100. Ndio wa kwanza wa aina yake kukaa mahali pamoja angani, nyuzi 26 Mashariki, na Kenya yote iko chini yake, saa 24. Unarusha kwa 2400 MHz ukitumia wati chache na dishi ya kawaida, inakujibu kwa karibu 10489 MHz. Ile dishi ya TV iliyoota kutu juu ya mabati yako, ukiigeuza kidogo na kuunganisha kipokezi cha bei nafuu kwenye laptopu, inaweza kukusikilizisha mtu wa Ujerumani akiongea na mtu wa Afrika Kusini. Hakuna bando inayokatwa. Masafa hayo yakienda, somo hilo linaenda nayo.

Najua jibu la kampuni za simu: sisi tunahudumia mamilioni, hawa ni wachache. Ni kweli. Simu nazo zinahitaji nafasi, sipingi. Lakini hao mafundi wa kujenga na kurekebisha mitandao wanatoka wapi? Huwezi kumfundisha mtu mawimbi ya 10 GHz kwa kumwonyesha picha ubaoni. Anahitaji mahali pa kujaribu, kukosea na kujaribu tena bila kununua masafa ya mamilioni. Nchi inayotaka wahandisi lakini haiwaachii hata kipande cha kufanyia mazoezi inajidanganya.

Kwa hivyo naomba mambo mawili. CA ivilinde vipande hivi kwenye jedwali la kitaifa la masafa, na ujumbe wetu uende WRC ya 2027 ukiwa na msimamo huo umeandikwa. Pia leseni na mtihani vifike kwenye vyuo vya ufundi mashinani, visiwe vitu vya watu wa Nairobi pekee.

Na sisi vijana tuna kazi yetu. Uwanja unaochezewa kila jioni ni mgumu kunyakuliwa kuliko ule uliomea nyasi. Kama uko chuoni, anzisheni klabu, tafuteni leseni, pandeni juu ya paa na dishi. CA ikiita maoni ya umma kuhusu masafa, andika, hata kama ni aya moja. Tukingoja mpaka tuone mabati, tutakuwa tumechelewa.