Mizani Huanzia Kwenye Viganja

Wapenzi wa fasihi tukikutana hatukawii kulalamika: vijana wa siku hizi hawasikii vina, hawajui mizani, ushairi unakufa. Lawama tunaibebesha simu, tunaibebesha Bongo Fleva. Mimi nasema mchawi tunamtafuta nyumba siyo. Nendeni chekechea.

Majuzi nilisindikiza ndugu kumwandikisha mtoto kwenye chekechea moja hapa Dar. Watoto wa miaka minne wamekaa kwa safu, kimya. Mmoja akaanza kugonga dawati kwa vidole, mapigo mazuri tu, jirani yake akatikisa mabega. Mwalimu akafoka: "Fungeni mikono!" Mzazi mmoja pembeni yangu akatabasamu kwa kuridhika. Eti hapa wanasoma, hawaimbiimbi.

Jamani, kuimba ndiko kusoma kwenyewe! Chukua neno "kandambili". Mwambie mtoto apige kofi kwa kila kipande: ka-nda-mbi-li. Makofi manne. Hajashika chaki, lakini ameshalikata neno katika silabi, na Kiswahili tunaanza kukisoma kwa silabi. Hiyo ni K ya kwanza katika KKK. Akihesabu makofi, ameigusa na ya hesabu. Sasa aruke akilitamka mara mbili: mizani 8, kipande kizima cha utenzi. Miaka kumi baadaye mwalimu wa Kiswahili anahangaika kumfundisha hicho hicho kwa kuhesabu vidole ubaoni, kama hesabu za duka, wakati tenzi zilitungwa zighanwe.

Wa mashairi huru nao wasicheke. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, ugomvi ulikuwa mkali kwa sababu wasomaji walikuwa na masikio ya kusikia kilichovunjwa. Asiyewahi kuyasikia mapigo atavunja nini?

Mtaniambia darasa lina watoto 80 na mwalimu mmoja. Sawa. Watoto 80 hawawezi kusoma kitabu kimoja, lakini wote 80 wanaweza kupiga kofi moja kwa pamoja. Hakuna ala? Toboa vifuniko vya soda, vitunge kwenye waya, una njuga. Kelele zinasumbua darasa la pili? Tokeni nje, kaeni chini ya mwembe.

Na tusidanganyane kwamba watoto wanaimba tayari. Wimbo wa kumkaribisha mgeni rasmi, uliokaririwa wiki mbili kwa kuogopa fimbo, siyo ninaouzungumzia. Wala siyo runinga iliyowashwa ili mwalimu apumzike. Nazungumzia mtoto anayeruka kamba, anayecheza ukuti, anayebadilisha maneno ya wimbo kwa makusudi ili wenzake wacheke. Huyo wa mwisho ameshaanza kutunga.

Kwa hiyo mzazi, mwanao akirudi leo usiulize daftari lina vyema ngapi. Muulize mmeimba nini. Akikujibu "hakuna", kesho kamuulize mwalimu mkuu ada yako inanunua nini.