Chumvi Haijapotea Njia

Mwandishi mmoja wa mapishi anadai kwamba kutia chumvi kwenye chokoleti ni mbwembwe za wauzaji: chumvi ni ya mboga, chokoleti ni ya utamu, na anayevichanganya huharibu vyote viwili.

Mbwembwe gani? Chumvi kwenye vitamu si jambo la jana: Henri Le Roux alianza kutengeneza karameli ya siagi yenye chumvi huko Quiberon, eneo la Bretagne, Ufaransa, mwaka 1977, na watu wa Bretagne walikuwa wakila siagi hiyo karne nyingi kabla yake.

Hoja ya utamu ndiyo dhaifu kupita zote. Kakao ni chungu! Tafuna punje iliyokaangwa bila sukari, uso utakunjamana wenyewe. Mwaka 1997 watafiti Breslin na Beauchamp walionyesha kuwa chumvi huzima uchungu, na uchungu ukizimwa, utamu uliofunikwa hujitokeza. Nyunyiza chembe chache za chumvi ya mawe juu ya chokoleti nyeusi: kwanza zinakwaruza ulimi, kisha mafuta ya kakao yanayeyuka, na sukari ileile inakolea. Kimeharibika nini hapo?

Na huyu anayetenga chumvi na vitamu, embe la chumvi na pilipili hajawahi kulionja? Asiyependa asile, ila asituambie kwamba ulimi wetu umedanganywa na matangazo.