Nendeni Goziba Septemba

Kuna ushauri mmoja nimeuchoka, na najua nawe msomaji umeshakutana nao: ukitaka kuitembelea Tanzania vizuri, njoo kati ya Juni na Oktoba, kabla mvua hazijaharibu safari. Umo katika vitabu vya watalii, umo katika vipeperushi vya hotelini, na siku hizi umeingia mpaka katika makala zetu wenyewe za safari. Mwandishi anatua Kanda ya Ziwa mwezi Julai, anapiga picha ya machweo, anaandika aya tatu kuhusu maji yaliyotulia kama kioo, anarudi zake Dar. Eti tumeletewa kisiwa. Kisiwa kipi?

Nauliza kwa sababu ya Goziba. Ni kisiwa cha wavuvi, wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, mbali ndani ya Ziwa Victoria, saa kadhaa za boti kutoka nchi kavu. Nimefika huko kiangazi, nimefika pia mvua zinapoanza, na nasema bila kumung'unya maneno: anayekijua kwa kiangazi tu hajakijua.

Kwanza, kalenda yenyewe ni ya kuazima. Shuleni tulikaririshwa masika, kipupwe, vuli na kiangazi kana kwamba nchi nzima inaishi Pangani. Bukoba hupata kama milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya Dodoma, na ni nadra mwezi kupita bila tone. Kiangazi chake ni kifupi, Juni hadi Agosti. Vuli huku mara nyingi huanza Septemba, wakati watu wa pwani bado wanafuta jasho. Kwa hiyo anayemwambia mgeni kwamba Oktoba bado ni kukavu hajamshauri kuhusu Kagera. Amemsomea kalenda ya kwingine.

Pili, kuna dagaa. Wavuvi hutoka usiku wa giza, mbalamwezi isipokuwepo, na taa zao huwavuta dagaa juu. Asubuhi mzigo unaanikwa: wengine mchangani, wengine juu ya nyavu kuukuu, wenye uwezo kwenye vichanja. Jua likiwaka sawasawa, dagaa hukauka wakawa kitoweo cha watu. Mvua ikishuka saa nne asubuhi, mzigo uleule unalowa, unakatikakatika, unaanza kunuka, na kinachookolewa kinauzwa kwa bei ya kutupa, kikasagwe kuwa chakula cha kuku. Samaki ni walewale, kazi ni ileile, mafuta ya injini yameshalipiwa. Sasa mwandishi wa Julai ataijulia wapi hesabu hiyo? Yeye ameona dagaa wanameta juani, kaandika kwamba ufuko umetandikwa fedha. Fedha ni kweli, ila hakukaa kuona inavyooza.

Tatu, kuna usiku wenyewe. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini mvuvi wa dagaa yuko kazini saa ambayo mawingu hayaonekani. Na ziwa hili lina tabia yake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka, upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mvua nyingi hunyesha huko. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto, hewa inasukumwa kutoka kila upande hadi katikati ya ziwa, inapanda, na radi zinaanza. Maana yake ni kwamba dhoruba na mvuvi wana zamu moja. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Wim Thiery walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba dhoruba kali za ziwa hili zitazidi kadiri dunia inavyopata joto.

Hapo ndipo naulizwa: kwa hiyo unataka wageni wakazame? Sitaki. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyokuwa ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa iliangukia ziwani. Kati ya watu 43 walikufa 19, na wavuvi na mitumbwi yao walikuwa miongoni mwa waliofika mwanzo kuokoa. Ziwa si la kuchezea. Lakini pia tusiisingizie mvua kila kitu: MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere Septemba 2018 vilipozama, watu walizungumzia sana kujaza kupita kiasi, na huo ni mkono wa binadamu. Nenda mchana, vaa jaketi la kuokolea, sikiliza utabiri wa TMA, na nahodha akisema leo hatuvuki, usimwonyeshe saa. Ile siku ya kukaa mwaloni ukisubiri upepo utulie, ukinywa chai na watu wenye mzigo unaowaharibikia, nayo ni safari. Iandike.

Sina huruma pia na kambi ya pili, ya wanaoipenda mvua wakiwa chini ya bati: harufu ya udongo, baraka, muziki wa matone. Jamani, waulizeni walioanika.

Kwa nini napiga kelele hivi kwa jambo la makala tu? Kwa sababu kisiwa kinachoandikwa kiangazi peke yake huonekana hakina shida. Msomaji wa mjini anamaliza makala akiwaza nauli na hoteli. Haimjii akilini kuuliza kwa nini hakuna vichanja vya kutosha wala mabanda ya kukaushia, au kama taarifa ya upepo inamfikia mvuvi kabla hajawasha injini. Na wakubwa nao husoma makala hizohizo.

Basi ndugu zangu waandishi, hebu nendeni mwezi Septemba. Ulizeni debe la dagaa lilikuwa bei gani juzi, kabla ya mvua, na leo ni bei gani. Andikeni bei zote mbili. Machweo mtayakuta tu, hayana haraka.