NYAPARA MKALI, MFANYAKAZI MPOLE



Katika kiwanda kimoja cha chai hapa Uganda alikuwapo mwenzetu mpole, asiyejua kukataa. Kila mtu akikosa zamu, nyapara humwita yeye. Akakaa wiki tatu bila kupumzika. Mwishowe alisinzia kando ya mashine, na nyumbani hakuwa na neno na watoto wake. Nyapara akamwita mvivu.

Huo si uvivu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kuwa uchovu wa namna hii hutokana na taabu ya kazini iliyoachwa bila kutatuliwa.

Mkali hugomba akapata nafuu. Mpole hubeba mzigo wa wote. Lakini kosa si upole wake. Kosa ni uongozi wa "punda afe, mzigo ufike". Kiongozi mwema hugawa zamu kwa haki, hatafuti nani hatakataa.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza kumfanyisha mtu kazi zaidi ya siku sita mfululizo bila siku ya kupumzika. Wajumbe wa matawi, msingoje mpole alalamike. Lidaini daftari la zamu, mhesabu siku zake, kisha mwende ofisini pamoja naye.