Mapenzi ya Jiucai

Wachina wana neno la mtaani ambalo ukielezwa utacheka kwanza, halafu utanyamaza. Mtu wa kipato cha kawaida anayepeleka akiba yake kwenye soko la hisa, wajanja wakamla, akajikusanya, akarudi, wakamla tena, wanamwita jiucai. Tamka jiu-tsai. Na huko kumla wanasema ni "kukata jiucai". Hilo ni jina la mboga. Ukiikata leo, wiki chache baadaye imeshaota tena, mbichi na nzuri, inasubiri kisu.

Sasa usiniambie humjui jiucai kwenye mapenzi. Ninaye shosti wangu wa tangu chuo, ana kazi nzuri benki na mchumba wa miaka mitatu. Mchumba si mtu mbaya, ana maneno matamu na mipango mingi. Ila kila mwisho wa mwezi, mshahara ukiingia tu, na ujumbe nao unaingia: "Nirushie kidogo mama." Mwezi huu kodi ya fremu, mwezi ujao gia boksi, mwezi wa tatu mzigo umekwama bandarini. Na posa imeshapokelewa, kamati ya harusi inatafutiwa mwenyekiti. Nilipomweleza habari ya jiucai, akiwa amekaa kibarazani kwangu pembeni ya ndoo yenye mmea huo huo, alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi ndiyo mimi," akasema. "Nikikatwa naota."

Alisema kama anajisifu. Hapo nikajua hajawahi kuotesha kitu.

Tuanze na mmea wenyewe. Jiucai ni ndugu wa kitunguu maji na kitunguu saumu. Majani yake ni bapa na membamba kama nyasi, na ukiyasugua yananukia kitunguu saumu waziwazi. Usiyachanganye na majani ya vitunguu tunayouziwa sokoni, yale ni ya mviringo na yana uwazi ndani. Maua yake ni meupe, vinyota vidogo vilivyofungwa kishada. Wajapani wanauita nira, Wakorea buchu, Wafilipino kutsay. Jina la Kijapani limenifurahisha, maana kwetu nira ni ule mti wanaofungwa shingoni ng'ombe wawili ili walime pamoja, na sikumbuki harusi ya kanisani niliyohudhuria ambayo mahubiri hayakuigusa.

Uchina wameila tangu enzi. Shijing, mkusanyiko wa mashairi ambao umri wake umepita miaka 2,500, unaitaja ikitolewa sadaka pamoja na mwanakondoo. Na mwaka 759 mshairi Du Fu aliandika juu ya kumtembelea rafiki ambaye hawakuonana kwa miaka 20. Walipoachana rafiki alikuwa hajaoa, sasa nyumba imejaa watoto. Chakula cha usiku ule kilikuwa na jiucai iliyotoka kukatwa bustanini. Sisi wenye friji tupu tarehe 20 tunamwelewa kabisa yule mwenyeji. Mgeni kaingia ghafla, lakini nje kuna kitu cha kukata.

Shina langu nilipewa na mpishi wa mgahawa mmoja wa Kichina hapa Dar, limeviringishwa kwenye gazeti na udongo wake. Hiyo ndiyo njia ya mkato. Mbegu zinataka uvumilivu: zinaweza kuchukua wiki mbili au tatu kuchomoza, na zikikaa muda mrefu kabatini nguvu zinaisha, kwa hiyo nunua mpya. Unahitaji ndoo iliyotobolewa chini, yenye kina cha sentimita 20 hivi, udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, na sehemu inayopata jua saa sita kwa siku. Mwagilia udongo ukianza kukauka, usifanye bwawa. Joto letu halina tatizo, Thailand na Ufilipino wanailima. Kama una paka au mbwa weka mbali, jamii yote ya vitunguu ni sumu kwao. Na kabla ya kukata nusa kwanza, maana Japani watu wameugua kwa kula majani ya ua la narsisi wakidhani ni nira. Kisichonuka kitunguu saumu si chenyewe.

Sasa kwenye kukata. Mmea uliotoka kwenye mbegu unauacha takriban mwaka mzima bila kuugusa, au unachukua kidogo sana, ili ujenge mizizi. Ukishakomaa, subiri majani yafike sentimita 20 na zaidi, ukate kwa kisu kikali ukibakiza sentimita mbili au tatu juu ya udongo. Kisha unauacha wiki tatu, nne. Unaupa mbolea na maji. Jani jipya halitoki hewani, shosti, linatoka kwenye akiba iliyo chini, na akiba hiyo inarudishwa na majani yakiachwa yale jua. Ukikata kila yanapochungulia, safari ya pili yanakuja membamba, ya tatu yanakuja kama nywele. Kwa macho unaona bado linaota. Chini linaisha.

Kuna na hii. Wachina hufunika mashina yaliyokatwa, kwa chungu kwa mfano, ili majani yasione mwanga kabisa. Yanatoka ya njano, laini, matamu kuliko ya kijani, wanayaita jiuhuang, na bei yake iko juu. Japani mkoa wa Okayama unasifika kwa hayo. Lakini jani la gizani halijitengenezei chakula hata kidogo, linakula akiba tu. Ndiyo maana mkulima akishavuna ya njano hufunua, akauacha mmea uwe wa kijani upumzike.

Hiyo ya kufunikwa ndiyo iliyomnyamazisha. Aliitazama ndoo kwa muda, halafu akaniuliza kama nina soda.

Baadaye alimwambia mchumba kwamba kwa miezi mitatu harushi hata senti, si kwa ugomvi, anajenga akiba yake kabla ya ndoa. Huu ni mwezi wa pili. Mchumba bado anakuja Jumapili, ingawa siku hizi anakuja amechelewa. Mwenyekiti wa kamati hajapatikana, na mimi nimeombwa nisiulize.

Haya, jikoni. Wapenzi wa chapati mtaipenda jiucai hezi. Kanda ngano na maji ya vuguvugu, funika dakika 30. Vuruga mayai manne, uyaache yapoe. Katakata jiucai gramu 200, umwagie kijiko cha mafuta kwanza ndipo uchanganye na mayai na chumvi, kwa sababu chumvi ikitangulia inavuta maji na unga utalowa. Sukuma viduara, weka mchanganyiko, kunja nusu mwezi, bana kingo kama sambusa, kaanga kwa mafuta kidogo dakika tatu kila upande. Kama hupendi kazi ya unga, fanya kama Wajapani: maini yakaangwe na kitunguu, nira iingie mwisho kabisa, nusu dakika, zima. Ikipita hapo inalegea na kutoa maji.

Najua kuna wanaosubiri lile jambo lingine. Ndiyo, Uchina ina jina la pembeni, qiyangcao, majani ya kuamsha nguvu za kiume, na watawa wa Kibudha huko hawaigusi, pamoja na vitunguu vingine, kwa kuhofia inachochea tamaa. Uthibitisho wa kitaalamu sijauona, na mume wangu ameombwa asitoe maoni. Ninachoweza kuthibitisha ni harufu. Inakaa mdomoni mpaka asubuhi, mswaki haufui dafu. Kwa hiyo siku ya jiucai kuleni wote wawili, au mmoja akalale sebuleni.