Yamoto Band Hairudi, Kubalini Yaishe

Kila baada ya miezi kadhaa lazima ile picha ya zamani izunguke mtandaoni: Aslay, Mbosso, Beka Flavour na Enock Bella, madogo kabisa, na chini yake mashabiki wanalia "rudini jamani". Kuanzia Temeke mpaka vijiwe vya bodaboda huku Msalato, kilio ni kilekile. Haitokei hiyo.

Watu wanasahau kwamba Yamoto hawakuwa washkaji waliokutana studio. Walitengenezwa Mkubwa na Wanawe, kwa Said Fella, madogo wa kituo kimoja chini ya bosi mmoja. Nitakupwelepweta ilinoga kwa sababu kila mmoja alipewa kipande chake akaimba, basi. (Haya, Aslay alishajulikana kabla na Naenda Kusema, lakini bado alikaa kwenye mstari.) Leo nani atakubali kupangiwa kaubeti kadogo? Aslay 2017 aliteka redio peke yake. Mbosso, yule Maromboso wenu, aliingia Wasafi 2018, akatoa albamu ya Definition of Love 2021, na 2025 akatoka kwenda kujisimamia. Mtu anayelipwa shoo nzima peke yake mnataka agawane kwa nne? Kisa mmemisi utoto wenu?

Shoo moja ya kumbukumbu, sawa. Bendi, hapana.

Kinachokera zaidi ni unafiki. Beka akitoa ngoma hamsikilizi, Enock hivyohivyo, mnakimbilia kwenye komenti kuuliza "Yamoto lini?" Wale ni watu wazima, wana kazi zao. Sikilizeni kwanza walichotoa wenyewe, ndiyo mje kulia.